Mashine Isiyohesabu Ng'ombe

Ukifika Karatu mjini na kifaa chako kimekufa, huna haja ya kuuliza fundi mzuri ni nani. Watu wataulizana wenyewe kwa macho, kisha mmoja atakunyooshea kidole: nyuma ya soko, mlango wa bluu, kwa Mama Asembla. Jina lake la ubatizo ni Laurencia, na ukoo wake ni wa Gwandu, Wambulu wa Kansay. Lakini hilo la Asembla ndilo lililomganda, naye hana mpango wowote wa kulibandua. Amelichora mwenyewe juu ya mlango kwa rangi nyekundu, na mpita njia akilisoma kwa sauti, yeye huitika kutoka ndani.

Kosa ni kumuuliza asembla ni kitu gani. Ukimuuliza hivyo mchana wako umekwisha, maana ataacha kazi, atakuvutia stuli na kuanza. Atakuonyesha chipu, kidude cheusi chenye miguu ya chuma, kidogo kuliko punje ya hindi, na kukwambia kwamba hicho ndicho kinachoamua taa iwake lini na pampu izime lini. Chipu haijui Kiswahili wala Kiingereza, inajua tu umeme upo au haupo. Sasa wewe unaandika maagizo yako kwa maneno mafupi mafupi, tendo moja kwa kila mstari, halafu asembla, ambayo ni programu iliyomo ndani ya kompyuta, inayageuza kuwa lugha ya chipu. Haina picha za kubofya wala rangi za kupendeza. Ni skrini nyeusi na maandishi meupe. Unaandika jina lake, unaandika jina la faili lako, unabonyeza kitufe. Ukikosea inakutajia mstari uliokosea, bila pole wala samahani, na usipokosea inanyamaza.

"Naipenda kwa sababu hainibembelezi," husema Laurencia, na hapo huwa ameshakusahau wewe na redio yako.

Aliijua akiwa chuo cha ufundi Arusha. Wenzake walikuwa na kompyuta mpya zenye programu nzito za kuandikia chipu, yeye alikuwa na laptopu ya mtumba ambayo ukiifungulia programu nzito inapumua kwa shida na kuzima. Asembla iliingia humo bila kugusa kuta. Wenzake walimcheka kwamba anakwenda kwa miguu wakati dunia inapanda gari. Yeye akagundua raha ambayo wao hawakuipata: maneno ya chipu ni ya kigeni, lakini majina ya mahali ndani ya programu unayaweka mwenyewe. Mtu anayesoma kazi ya Laurencia hukutana na sehemu iitwayo Amka, nyingine Lala Kidogo, nyingine Mwite Mama. Hiyo ya mwisho iko kwenye mashine za kutotolesha vifaranga alizowatengenezea wanawake wa Endabash. Mayai yakizidi joto, mashine inapiga kelele.

Mumewe Adrian huendesha watalii, na msimu ukichanganya anaonekana nyumbani kwa nadra. Akirudi huwaambia majirani kwamba mkewe anaongea na wadudu. Husema kwa mzaha, lakini akiharibikiwa na kitu kwenye gari anaingia kwa mlango wa bluu kichwa chini, na anapanga foleni kama wateja wengine. Watoto wao wamezoea kusinzia kwa sauti ya vidole vya mama yao kwenye kibodi.

Kwa hiyo usifikiri huyu ni mwanamke wa kujificha. Laurencia anajua anachokijua na anapenda kijulikane. Akimaliza kazi haifunikii kitambaa, anaiweka dirishani. Tabia hiyo imemletea wateja wengi, na siku moja kule Enguserosambu, kijiji cha Wamaasai ng'ambo ya Ngorongoro, nusura imletee aibu ya maisha.

Kazi ya Enguserosambu aliletewa na Nanyokie, mwenyekiti wa kamati ya maji, mama wa Kimaasai wa rika lake, mwenye sauti ya chini na msimamo wa chuma. Kamati ilikuwa na kisima kirefu, pampu ya sola na birika la zege la kunyweshea mifugo. Tatizo lilikuwa swichi. Aliyewasha pampu alisahau kuizima, maji yakamwagika, kisima kikakauka kwa muda, pampu ikazunguka bila maji mpaka ikaungua. Walichangishana mbuzi wakanunua nyingine. Hiyo nayo ikiungua, alisema Nanyokie, mifugo itarudi kutembea hadi mtoni kama zamani, na kiangazi hiki wengine hawatafika.

"Nataka mashine ya kuwasha na kuzima yenyewe," alisema. "Isiyosahau."

"Nitakutengenezea mashine yenye akili," alijibu Laurencia, na hapo ndipo alipoanza kupotea, maana hakuna aliyemwomba akili.

Aliwaza hivi. Ng'ombe huingia birikani kupitia lango jembamba, mmoja mmoja. Ukisimamisha nguzo mbili langoni na kupitisha mwale usioonekana kati yake, kila ng'ombe anayepita anaukata. Jicho lililofungwa kwenye nguzo likiona mwale umekatika, chipu inaongeza moja. Ukijua wameingia wangapi, unajua wanahitaji maji kiasi gani, na pampu inavuta kiasi hicho hicho, si zaidi. Ndani ya birika aliweka boya, maji yakikaribia kufurika linyanyuke na kukata umeme, lakini hilo lilikuwa la dharura tu. Fahari yake ilikuwa kwenye hesabu. Na ili fahari ionekane, juu ya sanduku alifunga skrini ya tarakimu nyekundu, za kusomeka hata na mtu aliyesimama mbali. Aliiandika programu kwa furaha, sehemu yake kuu akaiita Hesabu, na asembla ilipoimeza bila neno alipiga makofi peke yake karakanani.

Alisahau jambo moja ambalo hakupaswa kulisahau. Bibi yake wa Kansay alikuwa akimchapa kidole kila alipowahesabu vifaranga kwa kidole, mmoja mmoja, akisema, "Acha, unamwitia mwewe." Wambulu wazee wanajua kwamba kinachozaa kikihesabiwa huitiwa balaa, na Wamaasai wanalijua hilo kuwashinda. Lakini aliyekaa miaka akizungumza na kitu ambacho kazi yake ni kuhesabu, husahau kwamba kuna vitu watu hawahesabu.

Siku ya uzinduzi walitoka Karatu mapema, yeye na shemeji yake Inosenti, mdogo wa Adrian, ambaye ni fundi bomba na ndiye aliyekuwa akiendesha pikapu. Walipita lango la Ngorongoro katika ukungu ambao Inosenti aliutukana njia nzima ya ukingo wa kreta, wakateremkia tambarare kwenye vumbi, akautamani ukungu. Walipofika Enguserosambu jua lilikuwa limeshawaka, na mifugo ilikuwa imeshapangwa.

Ilipangwa kwa utaratibu ambao haukuandikwa popote na kila mtu aliujua. Wa kwanza ni ng'ombe wa mzee Parsimei, kwa kuwa birika limejengwa kwenye ardhi aliyoitoa yeye. Baada yake linafuata boma la mzee Supeet, na wengine nyuma yao. Hakuna anayenywesha kabla ya Parsimei kunywesha. Hata ng'ombe wenyewe, ungesema wanalijua hilo, maana walisimama na kulamba pua bila kusukumana.

"Takwenya," mzee Parsimei alimsalimu Laurencia. Alikuwa mrefu, mkavu, shuka lake limepauka kwa jua.

"Iko," aliitika Laurencia, akainamisha kichwa mzee akamgusa. Kisha akageukia sanduku lake na kuinua mkono. "Mzee, fungua njia uone!"

Ng'ombe wakaanza kuingia. Pampu ikanguruma chini kwa chini, maji yakaja meupe kwa kasi, watu wakashangilia. Na juu ya sanduku tarakimu nyekundu zikaanza kupanda. Inosenti akawa anazisoma kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, kila ng'ombe na namba yake. Laurencia alikuwa akitabasamu kuelekea kwenye umati, akitafuta nyuso zilizovutiwa. Ilimchukua muda kugundua kwamba hakuna aliyekuwa akishangilia tena. Kina mama walikuwa wamefunika midomo. Nanyokie alikuwa anatazama chini.

Mzee Parsimei alipiga mluzi mmoja. Vijana wake wakaziba lango, ng'ombe waliokuwa nje wakabaki nje, na waliokuwa birikani wakatolewa na maji yakiwadondoka midomoni. Kwenye sanduku namba ikaganda. Namba yenyewe haitatajwa hapa, kwa heshima ya mzee.

"Nani amekutuma kuhesabu ng'ombe wangu?" aliuliza. Hakupaza sauti.

"Mzee, ni kwa ajili ya maji tu, ili mashine ijue..."

"Mimi sijui nina ng'ombe wangapi, na sitaki kujua. Nawajua wao. Asipokuwepo mmoja, namjua ni nani na mama yake ni nani. Wewe umekuja kutoka Karatu, hujui hata jina la mmoja, na umewapigia kelele ya namba mbele ya watu wote." Akaonyesha sanduku kwa fimbo. "Kitu hiki kikibaki na jicho lake, ng'ombe wangu watakunywa mtoni."

Akaelekeza fimbo kwenye njia ya mtoni, njia ndefu iliyopauka kabisa kwa kiangazi. Nyuma yake wafugaji wengine walikuwa wanatazamana. Akiondoka Parsimei, wote wanaondoka. Wakiondoka wote, sanduku litang'olewa, swichi ya mkono itarudishwa, na pampu iliyonunuliwa kwa mbuzi wa watu itaungua kama ya kwanza. Laurencia aliyaona yote hayo kwa mara moja, na uso ukamwaka. Alitamani ardhi immeze. Lakini hakuwa mtu wa kumezwa kirahisi.

"Mzee," alisema, "nimekosea. Bibi yangu angekuwepo angenichapa. Nipe muda mpaka jua lipinduke. Kama sijaiondoa hesabu, ng'oa sanduku mwenyewe, nami nitakushikia nyundo."

Mzee akashusha fimbo. Nanyokie akasema neno kwa Kimaa, lugha yao, taratibu. Mzee akatafuta kivuli cha mgunga akakaa, na mifugo yote ikasimama pale pale, na maji yakiwa mbele yao.

Laurencia akafungua laptopu juu ya bodi ya nyuma ya pikapu. Jua lilikuwa kali, skrini haionekani, mpaka Nanyokie akavua shuka lake la juu na kulishika juu ya vichwa vyao wawili. Inosenti akainamia sikio la shemeji yake.

"Shemeji, mbona jambo lenyewe rahisi? Ng'oa waya za ile skrini ya namba, mwambie mzee kwisha kazi. Nani atajua?"

"Na namba itakuwa wapi?"

"Si itabaki humo ndani, gizani."

"Kwa hiyo nimwambie mzee wa watu haipo, kumbe iko gizani?" Laurencia alimkata jicho. "Kesho aje fundi mwingine, achomeke skrini yake, aikute inamngoja? Inosenti, kaa mbali na gari langu kabla sijakutia bisibisi."

Inosenti akaenda kukagua mabomba ambayo hayakuhitaji kukaguliwa.

Ugumu wenyewe ulikuwa hapa. Jicho lisingeweza kuondolewa, kwa sababu bila jicho mashine isingejua kama kuna mifugo, na ingeshinda ikiwavutia maji ndege na upepo. Jicho lazima libaki. Kilichopaswa kuondoka ni ile tabia ya kuongeza moja. Kwa nje hakuna ambacho kingebadilika, sanduku lile lile na nguzo zile zile. Tofauti yote kati ya mashine inayohesabu ng'ombe na mashine inayowaona tu ilikuwa ndani ya mistari michache, na macho pekee yaliyoweza kuisoma mistari hiyo pale Enguserosambu yalikuwa ya Laurencia.

Akaifuta sehemu iitwayo Hesabu, yote. Mahali pake akaandika sehemu mpya, fupi kuliko ya kwanza, na boya alilokuwa amelidharau akalipa kazi kubwa: ng'ombe wakiwepo na maji yakiwa chini, vuta, maji yakifika juu, acha. Akaandika jina la asembla, jina la faili, akabonyeza.

Asembla ikamrudishia kosa. Kuna mstari, ilisema, unaita kitu kiitwacho Hesabu, nami sikioni. Ulikuwa mstari wa skrini. Akaufuta, akabonyeza tena. Tena kosa, mstari mwingine, mbali kabisa, karibu na mwisho wa faili. Bado kuna mahali panaiita Hesabu.

Akateremka mpaka mstari huo, akausoma.

Aliuandika mwenyewe, zamani kidogo, akiwa karakanani na furaha zake. Ulisema hivi: kila namba inapobadilika ihifadhiwe kwenye kumbukumbu ya kudumu ya chipu, ili wingu likifunika sola na umeme ukikatika isipotee. Alikuwa amesahau kabisa. Kwa hiyo namba ya ng'ombe wa mzee Parsimei, hata sanduku likizimwa, hata likifukiwa, ilikuwa imeandikwa humo, na ingekaa miaka. Kama angemsikiliza Inosenti, hata yeye mwenyewe asingejua kwamba amedanganya. Aibu ya safari hii ilikuwa nyingine, ya baridi, na haikutokana na macho ya watu.

"Kuna nini?" Nanyokie aliuliza chini ya shuka.

"Mashine ilikuwa imeificha namba," alisema Laurencia. "Nilikuwa nimeificha mimi. Na asembla hii imenitaja."

Aliufuta mstari huo na wenzake wote. Akabonyeza. Safari hii asembla ikanyamaza. Akachomoa chipu kwenye sanduku, akaichomeka kwenye kifaa cha kupakia programu, na kabla ya kupakia chochote akaiamuru ifute kila kilichomo, kumbukumbu ya kudumu na yote. Kisha akasoma kumbukumbu hiyo mwanzo hadi mwisho kuhakikisha, na ilikuwa tupu. Akapakia programu mpya, akairudisha chipu mahali pake, akafunga sanduku kwa skrubu. Jua lilikuwa bado halijapinduka.

"Tayari, mzee."

Mzee Parsimei alikuja, akalizunguka sanduku. Jicho lilikuwa pale pale. Nguzo zilikuwa pale pale. Skrini nyekundu ilikuwa bado imefungwa juu, imezima.

"Sasa nitajuaje?" aliuliza. "Mtu akifumba mdomo, sijui kama ameacha kuhesabu."

Watu wakageuka kumtazama Laurencia. Ni swali ambalo mafundi wengi wangelijibu kwa kiapo, au kwa kukasirika. Yeye alifurahi. Ni kama alikuwa amelingoja maisha yake yote, mtu amuulize programu yake inafikiri nini na awe na shida ya kweli ya kujua.

"Nitakusomea," alisema. "Yote. Si ndefu, na kila mstari ni tendo moja. Hakuna pa kuficha kitu. Nanyokie atakugeuzia kwa Kimaa, neno lisikupite, na ukisikia pabaya nisimamishe."

Akasoma akiwa amesimama, laptopu mkononi, na Nanyokie kando yake akitafsiri mstari kwa mstari. Mzee alisikiliza ameegemea fimbo kwa mikono miwili, jinsi wazee wanavyosikiliza kesi.

"Mwanzo. Tazama jicho. Kama hakuna mnyama, rudi Mwanzo. Kama kuna mnyama, nenda Wapo."

"Wapo ni nani?"

"Ni jina la sehemu inayofuata, mzee. Maana yake mashine imejua kuwa wapo. Wangapi, haijui."

"Endelea."

"Wapo. Tazama boya. Kama maji yako juu, nenda Funga, uzime pampu, urudi Mwanzo. Kama yako chini, washa pampu. Subiri. Kisha rudi ukatazame boya tena."

Fimbo ikanyanyuka.

"Hapo. Subiri. Kitu kisicho na moyo kinasubiri vipi?"

Laurencia akautazama mstari huo. Angeweza kusema kinasubiri tu, basi, na Nanyokie angetafsiri, na ng'ombe wangekunywa. Inosenti, kutoka kule kwenye mabomba yake, alikuwa anamwomba kwa macho aseme hivyo hivyo.

"Inachukua namba kubwa," alisema, "inapunguza moja. Inapunguza moja tena. Inaendelea mpaka iishe. Ikiisha, ndipo inajua muda umepita."

Nanyokie alimtazama kabla ya kutafsiri. Kisha akatafsiri, maana hakuwa na njia nyingine. Nje ya lango ng'ombe mmoja akalia.

"Kwa hiyo bado inahesabu," alisema mzee.

"Inahesabu, mzee. Haina njia nyingine ya kusubiri. Lakini haiwahesabu ng'ombe wako. Inahesabu muda. Na ikifika mwisho inasahau, haiweki popote. Mwanzo ilikuwa inaweka, hata mimi nilikuwa nimesahau kwamba inaweka. Nimefuta."

Alisema yote hayo akimtazama usoni. Mzee Parsimei alilifikiria jambo hilo bila haraka. Akatazama sanduku, akatazama jua, akatazama ng'ombe wake.

"Muda?" alisema hatimaye. "Ihesabu tu. Muda hauzai."

Nanyokie ndiye aliyeanza kucheka, na kicheko kikapita kwa kina mama, kikawafikia wafugaji wa nyuma ambao hata hawakuwa wamesikia kilichosemwa. Mzee akapiga mluzi. Lango likaachwa wazi, ng'ombe wakaingia, mmoja mmoja, wakikata mwale usioonekana kwa vifua vyao. Pampu ikanguruma. Maji yakaja. Tarakimu hazikuwaka. Laurencia alijikuta anawatazama ng'ombe wenyewe, jambo ambalo asubuhi hakulifanya: mwekundu mwenye pembe iliyopinda, mweupe wa madoa begani, ndama aliyeogopa zege akasukumwa na mama yake. Boya likapanda, pampu ikazima. Maji yakashuka, ikawaka. Haikukosea.

Inosenti alikuwa amerudi na kusimama langoni, na midomo yake ilikuwa inachezacheza kila ng'ombe anapopita. Nanyokie alimpiga kiwiko cha mbavu, naye akaifunga.

Mzee Supeet alifuata, na wengine baada yake kwa zamu zao, na kabla jua halijaanza kulegea hapakuwa na mnyama mwenye kiu. Laurencia akaifungua ile skrini nyekundu juu ya sanduku na kuitia kwenye mfuko wa koti. Baadaye aliifunga kwenye mizani ya muuza vitunguu, na huko inafanya kazi vizuri. Sanduku la Enguserosambu bado liko pale na pampu ni ile ile. Watu wa vijiji jirani wameshakuja nyuma ya soko, mlango wa bluu, wakitaka la kwao. Wanasema wanataka lile lisilohesabu, na yeye huwasomea programu kabla hawajauliza.

Lakini siku ile, walipokuwa wanafunga turubai la pikapu, mzee Parsimei alikuja mpaka ubavuni mwa gari. Alisimama pale akimtazama Laurencia anavyokunja nyaya zake.

"Binti," alisema, "Mungu amekupa watoto?"

"Amenipa, mzee. Namshukuru."

"Wangapi?"

Mdomo wa Laurencia ulikuwa umeshafunguka, jibu likiwa kwenye ncha ya ulimi. Kisha akaona mikunjo ya kicheko pembeni mwa macho ya mzee, na kidole kikamuuma pale pale bibi alipokuwa akimchapa.

"Wapo, mzee," alisema.

Mzee alicheka mpaka fimbo ikatikisika. Akatemea viganja vyake mate ya baraka, akampaka kwenye paji la uso, na akaondoka kuwafuata ng'ombe wake.